UZI: Mashua ya Mikindani kwa skeli ya 1:20, na karakana yangu ya barazani

Dhiraa20 (mwenye uzi)

Wakuu, habari za jioni. Naandika kutoka Mikindani, Mtwara.

Mwaka jana niliweka hapa picha ya mashua ndogo niliyokuwa naiunda, na tangu siku ile maswali hayajakatika: umeanzaje, vifaa umevipata wapi, chumba cha kufanyia kazi kina ukubwa gani. Nitajibu yote, mnivumilie kwa urefu. Ila kuna jambo nalitanguliza kwa sababu naliamini kuliko mengine yote. Anayetaka kuingia kwenye kazi ya modeli aanze na kitu kilicho jirani naye, anachoweza kukigusa na kukipima kwa mkono wake mwenyewe. Seti za plastiki za ndege na vifaru atazikuta mbele ya safari.

Mashua yenyewe inalala ufukweni hapa kwetu. Mwenye mali ni mzee jirani, na fundi aliyeiunda bado yupo, ana nguvu zake. Nilipomuuliza fundi urefu wa mashua alijibu papo hapo: "Dhiraa ishirini." Mchoro hana, hajawahi kuwa nao. Nikaenda na futi ya kamba, nikapata mita 9.20. Nikarudi nikamwomba anyooshe mkono nimpime, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Sentimita 46. Zidisheni wenyewe.

Pale pale skeli ikajichagua. Kwa 1:20, mashua ya dhiraa ishirini inakuwa ya dhiraa moja, na fundi akiweka mkono wake kando ya modeli yangu, omo, yaani mbele, inagusa kidole na tezi, yaani nyuma, inagusa kiwiko. Nilipoliona hilo nilikaa chini kwenye mchanga.

Kwa wasiozoea mambo ya skeli: kila sentimita 20 za mashua halisi ni sentimita 1 kwangu. Upana wa mita 2.60 unakuwa sentimita 13. Taruma (mbavu ya ndani ya mashua) lenye unene wa sentimita 6 linakuwa milimita 3. Ubao wa sentimita 3 unakuwa milimita moja na nusu. Baharia wa sentimita 170 anasimama sentimita 8.5.

Kupima kulinichukua siku tatu. Nilisubiri bamvua, maji yakupwe mbali na mashua ibaki kavu kabisa. Nikaikalisha wima kwa magogo, nikavuta uzi wa mwashi juu yake kutoka omo hadi tezi, nikausawazisha kwa ule mpira wa maji wanaotumia mafundi wa nyumba. Kila nusu mita nikafunga fundo, yakawa mafundo 19. Kwenye kila fundo nikateremsha timazi ndani ya mashua, na kila sentimita 20 kwenda chini nikapima umbali kutoka kwenye uzi wa timazi hadi ubavuni, halafu nyumbani nikaongeza unene wa ubao. Siku ya kwanza nilimaliza mafundo saba maji yakanikuta. Mafundo mawili ya mwisho, la 18 na la 19 kule tezi, niliyapima kiza kinaingia. Hilo nitalirudia.

Daftari lile la vipimo ndiyo modeli. Kazi ya mbao inakuja kulitii daftari.

Sasa niwaambie kosa langu kubwa, maana limenigharimu miezi mitano. Mashua ya kwanza niliijenga mwezi wa tatu, mvua ikinyesha, kwa vibao vya mwembe nilivyopasua mwenyewe kutoka tawi lililoanguka wiki chache nyuma. Ngalawa hapa zinachongwa kwa mwembe, nikajiambia mwembe ni mti wetu, unafaa. Vilipinda vizuri, vikakaa kwenye mataruma kama ngozi ya ngoma. Nikapiga picha, nikafurahi. Ilipofika mwezi wa nane, kusi inavuma na hewa imekauka, ubao ulianza kusinyaa. Kwanza nyufa za unywele kati ya ubao na ubao, kisha unaweza kupitisha kucha. Usiku mmoja nikasikia tki! kutoka barazani. Asubuhi nikakuta ubao wa chini upande wa kushoto umeng'oka kwenye taruma nne. Mashua halisi ikikauka juani hufunguka hivyo hivyo, lakini yenyewe hurudi majini ikavimba na kalafati (pamba inayoziba kati ya mbao) ikashika. Modeli haina bahari ya kurudi.

Mti mbichi usiuguse. Kata vibao, paka rangi au nta kwenye ncha zake mbili ili maji yasitoke haraka huko na kupasua, vipange vikiwa na vijiti katikati hewa ipite, uviache kivulini. Mimi vyangu sasa vinakaa msimu mzima wa kiangazi juu ya kabati kabla sijavigusa.

Na mti gani? Kila mtu ananiambia mpingo, kwa kuwa tuko kusini. Mpingo ni mzito hadi unazama majini na unamaliza makali ya kisu. Wachongaji wa Kimakonde wanauweza kwa sababu wanatumia tezo na patasi na wana miaka ya mazoezi. Ubao wa milimita moja na nusu uliopinda ni kazi nyingine kabisa. Mninga ni mzuri wa rangi, ila vinyweleo vyake ni vikubwa, kwa 1:20 vinaonekana kama mipasuko. Nilichokuja kukipenda ni mpera. Punje zake zimeshikana, haupasuki ovyo, unakubali kisu, na kila ua lina mpera unaopogolewa. Mkuku tu, ule uti wa chini wa mashua, nimeuchonga kwa mninga.

Kupinda ubao: natia maji ya moto nusu saa, kisha naupitisha taratibu juu ya pasi ya mkaa iliyolazwa ubavu. Unasikia ubao unalegea mkononi. Ukilazimisha kabla haujalegea unavunjika, ukikawia unaungua. Ukishapata pindo, ubane kwenye umbo lake hadi kesho.

Karakana yangu nitaieleza kwenye posti inayofuata, mama watoto ananiita chakula.

---

Dhiraa20

Naendelea. Karakana ni pembe ya baraza, mita 2 kwa mita moja na nusu, nimeizungushia wavu wa mbu na ubao wa futi tatu kwa chini.

Meza ni mlango wa zamani. Kitu cha kwanza kuzingatia ni urefu wake: kwa kazi ya kukaa na kutazama karibu, meza iinuke zaidi ya meza ya kulia, ili viwiko vilale juu yake na mikono isitetemeke. Yangu nimeiinua kwa matofali. Kwa mbele nimepigilia kitambaa kinachoning'inia hadi mapajani, nakibana kiunoni nikikaa. Kipande kikidondoka kinaangukia kwenye kitambaa. Kabla ya hapo nilikuwa natumia jioni nzima nimepiga magoti na tochi nikitafuta kapi la milimita sita.

Taa mbili, moja kila upande, ili kivuli cha mkono kisikae juu ya kazi. Umeme ukikatika natumia taa ya sola, ila wakati huo sikati kitu. Napiga msasa au napanga daftari.

Vibanio vya kununua ni ghali, na modeli inavihitaji thelathini kwa mara moja. Chukua vibanio vya nguo vya mbao, vifungue, geuza vile vipande viwili migongo iangaliane, rudisha spiringi. Vinapata midomo mirefu iliyonyooka inayobana ubao mwembamba bila kuuumiza. Msasa naugundisha kwenye vijiti vya aiskrimu, namba 120 hadi 800, kila kijiti kimeandikwa namba yake. Gundi ya mbao naitia kwenye bomba la sindano lililotolewa sindano. Misumari ni pini za mshonaji zilizokatwa milimita 5, na matundu yake natoboa kwa keekee ya mkono yenye ncha ya nusu milimita. Ukipigilia bila kutoboa kwanza, ubao unapasuka, hakuna mjadala.

Adui wa karakana ya pwani ni chumvi. Nilinunua patasi ndogo nne mpya, nikaziacha mezani wiki mbili, nikakuta kutu imezikamata hadi kwenye makali. Sasa kila jioni nafuta chuma chote kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani na kukifungia kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, na ndani yake vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu vipya. Ni dakika tano. Msiziruke.

---

Kipimo72

Mkuu, kazi imetulia, hongera sana. Niko Shangani, Mtwara mjini, na najenga ndege za plastiki mwaka wa sita sasa. Naomba nikupinge kwa heshima kwenye hoja yako ya kwanza.

Seti ya plastiki inamfundisha mtu mambo ambayo mashua haitamfundisha mapema. Inamfundisha kufuata mpangilio, kusafisha kiungo kabla ya gundi, na kupaka rangi. Mimi skeli yangu ni 1:72. Ilitokana na vipimo vya Kiingereza: mtu wa futi sita anakuwa inchi moja kamili, kwa sababu futi sita ni inchi 72. Uzuri wake ni kwamba dunia nzima inaitumia, kwa hiyo ndege zangu zote zikikaa kwenye rafu moja jicho linaona ipi ilikuwa kubwa na ipi ndogo. Kujenga kitu kimoja kwa skeli ya peke yako kunakunyima hilo.

Halafu mtu wa kuanzia anahitaji kumaliza. Seti ndogo unaimaliza wiki mbili. Wewe umekaa miezi mingapi, na mashua ya kwanza ikapasuka? Wengi wangeacha.

Swali langu: rangi. Nikipuliza rangi ya thina kipindi cha mvua inakauka ikiwa na ukungu mweupe, hasa kijani na nyeusi. Umewahi kukutana nalo?

---

Dhiraa20

@Kipimo72 ndugu yangu, hoja ya kumaliza naipokea. Ni kweli ningemshauri mtu asianze na mashua nzima ya mita tisa. Aanze na kasia, au nanga, au ngalawa ya mtu mmoja. Hoja ya rafu pia ina uzito.

Ninaposimama ni hapa: kwenye boksi, kazi ya kupima imefanywa na mtu mwingine aliyekuwa na ndege mbele yake. Wewe unapokea majibu. Mimi nataka kijana wa Mikindani au Kilwa ajue kwamba na yeye anaweza kuwa yule mtu wa kwanza, mwenye daftari na timazi. Ndege hizo zimeshapimwa na watu wengi. Mashua ya jirani yangu haijapimwa na yeyote.

Kuhusu ukungu mweupe, ni unyevu wa hewa. Thina ikiruka haraka inapoza rangi, na maji ya hewani yanatua juu ya rangi kabla haijakauka, kama glasi ya maji baridi inavyotoka jasho. Puliza saa sita hadi saa tisa mchana siku ya jua, acha asubuhi na usiku, na tumia thina inayokauka taratibu. Palipokwisha kuwa peupe, pulizia thina kidogo tupu siku kavu, mara nyingi inarudi.

---

MamaChuno

Nawasoma kimya siku nyingi, leo naomba niulize. Mume wangu ameanza mambo haya sebuleni, na nina mtoto wa miaka minne mwenye pumu. Harufu ya gundi na rangi inajaa nyumba nzima. Sitaki kumkatisha tamaa mume wangu, anatulia sana akiwa na kazi yake, lakini mtoto je?

---

Kipimo72

@MamaChuno dada, pole na asante kwa kuuliza wazi. Kazi hiyo itoke sebuleni leo, isingoje kesho. Rangi ya kupuliza na gundi ya plastiki vifanyike nje au barazani, upepo ukitokea mgongoni kwake na kwenda nje. Barakoa ya kitambaa au ile ya hospitali haizuii mvuke wa thina hata kidogo, inazuia vumbi tu. Kwa mvuke inatakiwa ile yenye vichujio vya mkaa. Ama ahamie kwenye rangi za akriliki za maji, harufu yake ni ndogo na anaosha brashi kwa maji.

Thina isikae karibu na jiko la mkaa. Mvuke wake unatambaa chini na unaweza kushika moto ukiwa mbali na kopo.

---

Dhiraa20

Naongezea kwa upande wa mbao. Vumbi la mvule na la mpingo linawasha na linaweza kuzua mzio kwenye kifua hata kwa mtu mzima mwenye afya. Kwa mtoto mwenye pumu msasa mkavu ndani ya nyumba ni marufuku. Apige msasa nje, afute meza kwa kitambaa kibichi bila kufagia, na abadilishe shati kabla ya kumbeba mtoto.

Jambo jingine ambalo watu hawalijui: gundi ile ya haraka, supa gluu, ikimwagika usiifute kwa pamba wala kitambaa cha pamba. Inachemka ikikutana na pamba, inaweza kuunguza ngozi na kutoa moshi mkali. Mimi niliifuta kwa kipande cha fulana, nikaitupa fulana ikifuka. Kidole kilitoka lengelenge.

---

MwalimuLindi

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Nafundisha shule ya msingi, Lindi. Nimesoma uzi wote kwa mara moja na nimepata wazo, naomba mnisaidie.

Wanafunzi wangu wamesikia kwamba mjusi mkubwa wa kale (dinosaria) wa Tendaguru yuko Berlin, lakini kwao ni neno tu. Tendaguru iko kama kilomita 60 kutoka hapa mjini, kaskazini magharibi. Wajerumani walichimba kule kuanzia 1909 hadi 1913, na mifupa ilibebwa na watu wetu vichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi. Mmoja wa viongozi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na mimi jina lake huwa nalitaja darasani kila mwaka. Mifupa ile ilikusanywa pamoja ikasimamishwa makumbusho ya Berlin mwaka 1937, na urefu wake kwenda juu ni mita 13.27.

Naweza kutengeneza na watoto modeli ya mnyama yule kwa vitu vya hapa? Skeli ipi? Bajeti ni chaki na mapenzi ya watoto.

---

Dhiraa20

Mwalimu, posti yako imenigusa sana.

Chukua 1:40. Mita 13.27 zinakuwa sentimita 33, modeli inakaa juu ya dawati na kila mtoto anaifikia. Mtu wa sentimita 170 anakuwa sentimita nne na robo. Mtengenezeni mtu huyo kwanza, tena wengi, kila mtoto wake, wakiwa na mzigo kichwani. Mjusi akishasimama katikati yao, watoto wataelewa kilichobebwa bila wewe kusema neno.

Mifupa iwe waya wa kufungia nondo. Mwili mjazie magazeti yaliyokunjwa na kufungwa uzi, juu mbandike vipande vya karatasi kwa gundi ya uji wa unga wa muhogo, safu tano au sita, kila safu ikauke kabla ya nyingine. Miguu ya mbele iwe mirefu kuliko ya nyuma, hapo wengi hukosea wakamtoa kama mamba. Mgongo unateremka kutoka mabegani kwenda mkiani, kama twiga. Tia karafuu kidogo iliyosagwa au chumvi ya kutosha kwenye uji, ili mjusi wenu asiote ukungu haraka kabla ya mtihani.

Lakini kabla ya waya, watoe nje uwanjani. Pimeni mita 13.27 kwa kamba chini kwenye mchanga, mtoto mmoja alale upande huu. Waache wakimbie kutoka miguuni hadi kichwani.

---

MjukuuWaReli

Wakuu, na mimi nina la kwangu. Babu yangu alifanya kazi kwenye reli ya Mtwara hadi Nachingwea. Vijana wengi hapa hawajui kama kusini tuliwahi kuwa na treni. Ililetwa na ule mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947. Karanga zilishindwa, mpango ukaachwa 1951, reli ikaendelea kidogo kisha ikafungwa 1962 na kung'olewa. Mjini Mtwara kimebaki jina la Reli.

Natamani nijenge kipande cha reli ile kama ukumbusho kwa babu, lakini mwenye uzi anasema pima kwa mkono wako. Mimi nitapima nini? Hakuna treni, hakuna chuma. Nina picha mbili tu za babu, moja amesimama kando ya behewa.

---

Kipimo72

@MjukuuWaReli hapa ngoja nikusaidie, maana reli nimezisoma. Reli zetu za zamani zina upana wa mita moja kati ya chuma na chuma. Skeli inayotumika zaidi duniani kwa treni ni 1:87, ilitokana na milimita 3.5 kwa kila futi. Mita moja kwa 1:87 ni milimita 11.5, na kuna njia za kununua za milimita 12 kwa ajili ya reli za aina yetu. Tofauti ya nusu milimita jicho haliioni.

---

Dhiraa20

Na picha ya babu ndiyo futi yako. Ikiwa imepigwa kwa kuangalia behewa ubavuni, kitu chochote humo unachojua kipimo chake kinakupa vingine vyote. Unajua urefu wa babu? Muulize bibi, au angalia suruali yake kama ipo. Tuseme alikuwa sentimita 168 na kwenye picha amesimama milimita 42: kila milimita ya picha ni sentimita 4. Pima gurudumu, pima mlango, pima dirisha. Ila babu na behewa wawe umbali mmoja kutoka kwenye kamera. Akiwa amesogea mbele ataonekana mkubwa, na behewa lako litatoka dogo.

Tuta la reli bado linaonekana sehemu nyingi ukifuata njia yake. Nenda na timazi. Pima upana wa tuta juu na chini. Mimi ningeanza na hilo tuta, na mtu mmoja amesimama juu yake.

---

MjukuuWaReli

Nimesoma hii mara tatu. Bibi yupo. Naenda Nachingwea mwisho wa mwezi.

---

MzeeWaForomali

Vijana, nawasalimu. Nimekaa baharini kati ya Lindi, Kilwa na Mafia tangu nina nywele nyeusi. Mjukuu wangu ndiye anayeniandikia hapa.

Mwenye mashua, nimetazama picha yako ya mwaka jana. Mbao zimekaa. Lakini tanga lako halitasafiri. Foromali (ule mti unaobeba tanga) umeifunga henza (kamba ya kuupandisha) katikati kabisa. Foromali hufungwa upande wa mbele uwe mfupi kuliko wa nyuma, ili tanga lishike upepo nyuma ya mlingoti. Na mlingoti umeusimamisha wima kama wa bendera. Mlingoti wa mashua unainamia mbele kidogo. Kamba ya demani, ile ya kuvutia tanga, umeifunga mahali ambapo baharia akiifungua ataanguka majini.

Na tanga lako ni la kitambaa kipi? Naona kimesimama kama ubati.

---

Dhiraa20

Shikamoo mzee. Asante sana, na mjukuu abarikiwe kwa kutuandikia.

Umeniona vizuri. Mashua niliipima ikiwa kavu, mlingoti umelazwa na tanga likiwa nyumbani kwa mwenyewe. Vipimo vya tanga nilivichukua, namna ya kulifunga nikaikisia. Kuinama kwa mlingoti nitakwenda kupima siku ukisimamishwa, nitauangushia timazi kutoka juu kabisa.

Kitambaa nilitumia marikani ile ile ya matanga, nikidhani uhalisia ni huo. Nyuzi za marikani hazipungui mara 20, kwa hiyo kwenye modeli ni kama tanga limeshonwa kwa kamba. Nimebadilisha, sasa ni bafta ya zamani iliyofuliwa hadi ikachoka, nimeichovya kwenye chai ya rangi. Inalegea na kujaa upepo wa feni.

Mzee, demani ifungwe wapi?

---

MzeeWaForomali

Marhaba. Ifungwe nyuma, mkono wa nahodha uifikie bila yeye kuacha usukani. Fundo la kuvuta likafunguka mara moja, si la kukaza. Upepo wa ghafla ukija huna muda wa kufungua fundo la kukaza. Nimewazika wawili kwa sababu hiyo.

---

Dhiraa20

Nimelibadilisha usiku huu huu, mzee. Fundo la kuvuta, mkono wa nahodha unafika.

---

Dhiraa20

Wakuu, narudi baada ya wiki tatu.

Juzi fundi alikuja barazani bila taarifa, na mwenye mashua yuko nyuma yake. Kipande cha nyuma cha mashua kimeoza, mbao tatu za tezi zinatakiwa kutolewa pamoja na fashini (mti wa nyuma unaoshika ncha za mbao). Wameshang'oa zilizooza, na zimetoka vipande vipande, hakuna umbo la kufuatisha. Fundi akakaa kwenye kiti changu, akageuza modeli mikononi polepole, akalaza mkono wake kando yake, kiwiko hadi kidole. Akasema, "Nipe makaratasi yako ya huku nyuma."

Nikamfungulia daftari. Fundo la 15, la 16, la 17, namba zimekaa sawa, zinashuka kwa mpangilio. Fundo la 18 na la 19 ni yale ya kiza. Alipitisha kidole kwenye mstari, akafika pale, akasimama. Hajui kusoma vizuri lakini namba anazijua. Akaniuliza kwa nini upande wa kulia ni mpana kuliko wa kushoto kwa vidole viwili. Sikuwa na jibu ila ukweli, nikamwambia giza lilikuwa limeingia.

Hakukasirika. Alisema upande wa kushoto wa tezi bado mzima, haujang'olewa, na ataungoja.

Bamvua ni keshokutwa. Tunakwenda alfajiri watatu, na taa mbili. @MzeeWaForomali, fundi anakusalimu, anasema mliwahi kupakia chumvi pamoja Kilwa.